Barua kwa mwanangu: taishokoto ipigiwe muziki gani?

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa barazani baada ya magharibi. Unaniuliza taishokoto uliyoinunua, ala ile ya nyuzi na vitufe, ni ya muziki gani hasa. Wenzako wa bendi wanataka uipige kama gita, mpiga udi wenu anasema ni kitu cha kuchezea watoto, nawe hujui umfuate nani.

Usimfuate yeyote kati yao, babangu. Udi na ganuni, ala za nyuzi za Kiarabu, zilitufikia zikiwa na maqamu zake, yaani mipangilio yake ya sauti, na mafundi wa Misri wa kuigwa. Taishokoto haikuja na mwalimu. Goro Morita aliibuni Nagoya, Japani, mwaka 1912, mwaka wa kwanza wa enzi ya Taisho. Jina limetoka hapo. Aliichukua koto, ala ya nyuzi ya kwao, akaitia vitufe kama vya mashine ya taipu. Bara Hindi wakaiita bulbul tarang. Wabaluchi wakaikuza umbo, wakaiita benjo, na leo nani atawaambia si yao?

Mimi nilipoteza muda mwingi nikitaka ilie kama udi. Nilihangaika na bayati, moja ya maqamu hizo, usiku kucha. Bayati ina ile sauti ya pili inayokaa katikati, si juu si chini, na kwenye udi kidole kinaitafuta mpaka kinaipata. Taishokoto ina vitufe, na kati ya kitufe na kitufe hakuna kitu. Nilikuwa nikikasirika, naifunika kwa kanga ya mamako, naiacha wiki nzima.

Kumbe jibu lilikuwa humu humu nyumbani, kwenye kanda za mwimbaji wa taarab Zuhura Swaleh ulizokulia ukizisikia. Zisikilize tena, safari hii usifuate maneno. Taishokoto pale haiombolezi kama udi. Inakimbia juu ya mdundo wa chakacha, kali, ya chuma, inarudia kijipande kile kile mpaka wanawake wainuke. Ule ukali unaouonea haya ndio unaopenya kelele za harusi, vigelegele na ngoma pamoja. Udi hapo ungemezwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Iweke bayati kando kwa sasa. Tafuta kijipande kifupi, sauti nne au tano, ukipige haraka haraka bila kuachia waya upoe. Mwimbaji akiimba, nyamaza; akivuta pumzi, mjibu. Na usiipunguze makali kwa mashine za kulainisha sauti, tafadhali. Nimesikia vijana wakifanya hivyo na inaniuma, maana kinachobaki ni gita dhaifu.

Mpiga udi wenu mheshimu, ila asikuchagulie.

Idd ukija, njoo nayo. Ngoma za vumi na chapuo nitaazima kwa jirani, na mamako ameshasema ataimba.

Babako,
Mombasa