Meza ya defonsezi: tripleksi moja haitoshi

Ndugu, unauliza kama meza ya tripleksi moja (ubao wa tabaka zilizogundishwa) ya mm 18 itabeba defonsezi, ile mashine ya kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka. Hapana. Gundisha mbili upate mm 36, maana mashine inaning'inia pale chini muda wote na meza itabonyea katikati. Sahani ya kuifungia mashine kwenye meza, mafundi wa kusudea (kuunganisha vyuma kwa moto) hapa Goma watakukatia aluminiamu ya mm 6; izamishe ndani ya meza mpaka ukucha ukipita kwenye ukingo usikwame. Mbao sukuma toka kulia kwenda kushoto, na kamwe usiipitishe katikati ya kisu na kizuizi (ule ubao wa kuegemeza mbao inapopita), itakuponyoka na kuvuta vidole. Swichi nayo weka mbele, karibu na goti. Tafadhali, hiyo usiiache kwa kesho.