Kisukari katika jimbo lenye Mayo Clinic

Ukimwambia mtu wa nyumbani Kenya kwamba unaishi Minnesota, Marekani, akilijua jimbo hili atakutajia Mayo Clinic, ile hospitali maarufu. Ni kweli, iko Rochester, hata saa mbili za gari hazifiki kutoka kwetu Brooklyn Park. Lakini katika jimbo hilihili, wenyeji asilia na sisi Weusi tunakufa kwa kisukari kwa viwango vinavyowazidi Wazungu kwa mbali. Tusisingizie ukoo tu. Tazama nani anapiga zamu mbili, nani hana bima, nani anatoka kwa daktari hajaelewa alichoambiwa.

Mama yangu alikuja na kadi yake ya kliniki kutoka Kisii, sukari imeandikwa 9. Nesi wa hapa akapima, akaandika 162. Mama akashika kichwa: "Mwanangu, nimekwisha!" Kumbe sukari ni ileile. Kenya hupima kwa milimoli, Marekani kwa miligramu. Zidisha ile ya nyumbani kwa 18 utapata ya huku. Mwandikie mzazi wako hesabu hiyo kwenye kadi kabla hajapanda ndege. Kipimo cha A1C, kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili mitatu, husomwa kwa asilimia: 6.5 kwenda juu ni kisukari, 5.7 hadi 6.4 uko mlangoni.

Siku ya miadi, dai mkalimani. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kumtoa bure. Usimpeleke mtoto wa shule akamtafsirie bibi yake habari za figo. Atazipunguza makali kwa huruma, na bibi atarudi nyumbani anacheka.

Bima ikikatika, usianze kujipunja insulini. Alec Smith, kijana wa hapahapa Minnesota, alifanya hivyo kwa sababu ya bei baada ya kutoka kwenye bima ya mama yake, akafariki 2017 akiwa na miaka 26. Sheria ya 2020 yenye jina lake inamwezesha mkazi anayekaribia kuishiwa kupata insulini ya siku 30 kwa dola 35. Masharti yapo, ila anza kwa kumuuliza mfamasia, tena kwa sauti. Aibu ya foleni huisha ukifika kwenye gari. Kwa matibabu mengine kuna vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato.

Na nyinyi wenzangu mnaolea wazee usiku kucha, mwambieni daktari mnalala saa ngapi na mnakula saa ngapi. Asipojua, atakuandikia kidonge cha "asubuhi na chakula", na wewe saa moja asubuhi ndiyo kwanza unavua viatu ulale. Ukishavivua, kagua nyayo. Kidonda cha mguu uliotiwa ganzi na kisukari hakiumi.