Paraglaida, yaani mwavuli wa kurukia kutoka mlimani, hukaaje hewani bila injini?

Kaka, injini haihitajiki kabisa. Upepo ukigonga mteremko hauna njia ila kupanda, na rubani anakwenda na kurudi mbele ya ukingo, ndani ya hewa hiyo inayopanda. Saa nzima anaweza kukaa juu, mradi upepo usikate. Ukikata anashuka taratibu hadi bondeni. Ila kwa pale Shimo la Mungu, Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, kimo peke yake si hoja. Upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo angalia kwanza mteremko unatazama wapi. Upepo ukitokea nyuma yako, upande wa uwandani, hewa hujikunja ikivuka ukingo na inaweza kukunja mwavuli. Hapo hata mzoefu haruki.