Usiliondoe zimwi kwenye hadithi ya mtoto

Juzi mama mmoja kanitumia meseji ndefu, mwanae wa miaka mitano anaogopa kwenda chooni usiku tangu asimuliwe hadithi ya zimwi, na mumewe kashasema hadithi za namna hiyo zikome humo ndani, mtoto asomewe vitabu vya herufi na namba basi. Ananiuliza ningekuwa mimi ningefanyaje. Nilimjibu kwa kifupi ila naona nijibu na hapa kwa urefu, manake hili jambo lilishanikuta na mpaka leo linaniuma.

Binti yangu nimemsimulia hadithi tangu hajakaza miguu. Taa inazimwa, simu naiweka mbali, tunaanza. Alipofika umri wa shule ya awali akawa anataka moja tu, ile ya watoto walioachwa peke yao nyumbani, zimwi linakuja kugonga mlango linaigiza sauti ya mama yao. Hiyo hiyo kila usiku jamani, mpaka nikawa naisimulia huku nasinzia, na nikiruka kitu ananishika mkono, "hapana, hujasema lilikohoa". Tukifika pale pa kugonga anajifunika shuka hadi puani, kimya, halafu anasema "rudia hapo". Sasa mtoto anayeumizwa na hadithi anaomba urudie ya nini? Usiku mmoja akaanza kuongezea mwenyewe, akasema ule mlango una makomeo mawili. Baadaye likaja komeo la tatu, la ndani kabisa, zimwi hata likiingiza mkono halilifikii. Hapo ndipo nilipoelewa. Ile hofu alikuwa nayo siku nyingi, ya giza, ya mama kuchelewa kurudi, ya kuachwa, wala sikumletea mimi. Hadithi ilimpa mahali pa kuishika na kuifanyia kazi.

Basi nikaitwa shuleni. Mwalimu akaniambia mbele ya wazazi wenzangu kwamba namharibu mtoto, kawatisha wenzake kwa mambo ya mazimwi, kwamba mzazi wa siku hizi anamsomea mtoto vitu vya maana. Mzazi mmoja akacheka. Nilinyamaza nikaondoka zangu, lakini lile neno "vitu vya maana" nimelala nalo muda mrefu sana.

Sikuacha kusimulia, nikaingia kusoma. Kumbe hii kesi ni ya zamani. Wale ndugu wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipotoa mkusanyiko wao wa kwanza mwaka 1812 walisemwa hivyo hivyo, eti haziwafai watoto, na Wilhelm akawa anazirekebisha toleo baada ya toleo hadi la 1857. Lakini angalia alichogusa na alichokiacha. Kwenye hadithi yao ya binti anayeitwa Snow White, yule malkia anayetaka kumuua, mwaka 1812 ni mama yake mzazi kabisa, toleo la 1819 kageuka mama wa kambo. Adhabu yake haikuondolewa, anavalishwa viatu vya chuma vya moto anacheza navyo mpaka anakufa. Sisi watu wazima tunashtuka tukifika hapo, mtoto hashtuki, mtoto anataka kujua kama yule mbaya amelipwa ubaya wake, na usipomwambia hatalala.

Halafu kuna ile ya msichana wa kofia nyekundu. Mfaransa Charles Perrault alipoiandika mwaka 1697, mbwa mwitu anamla bibi, anamla na mtoto, imeisha, kinachofuata ni mashairi ya kuwaonya wasichana. Kwa kina Grimm anatokea mwindaji, anampasua mbwa mwitu tumbo, wote wawili wanatoka wazima. Yaani msimulizi ruhusa ya kubadilisha anayo, toka enzi na enzi, ila hapa hajamfukuza mbwa mwitu, kamtafutia mtoto njia ya kutokea.

Na niseme tu, huyo binti yangu "aliyeharibika", mwezi uliopita kasimama mbele ya shule nzima kasimulia hadithi aliyoitunga mwenyewe, bila karatasi, na watoto wadogo wa mbele wakawa wanamwitikia. Nilikuwepo. Mwalimu naye alikuwepo.

Kwa hiyo mama, usikome. Simulia mpaka mwisho, usiishie katikati kwa sababu umechoka, bora usianze kabisa, manake zimwi likiachwa mlangoni linabaki mlangoni usiku kucha. Simulia kwa mdomo, video haioni sura ya mtoto, wewe unaiona, ukimwona kakaza macho unapunguza sauti, unaharakisha, unamleta mwokozi mapema. Kama nyumbani kuna mama wa kambo anayelea vizuri, mbadilishe yule wa kwenye hadithi awe mchawi au jirani, usimgombanishe mtoto na mtu anayemwosha na kumlaza. Hayo maswali ya "tumejifunza nini" mwachie mwalimu, usiku mwache mtoto alale na hadithi yake.

Na chunguza hili kabla hujailaumu hadithi: kuna mtu hapo nyumbani anamwambia "ukisumbua zimwi litakuja"? Wazazi wenzangu tuache hii tabia, tuiache kabisa. Zimwi la vitisho halina mwisho, halishindwi, hakuna mtoto mjanja anayelifungia nje, linatumwa na mtu yule yule anayetakiwa kumlinda. Hilo ndilo linalomzuia kwenda chooni. La kwenye hadithi lina mwisho, ndiyo maana nasema malizia, kila siku malizia.

Leo usiku mrudishie hiyo hadithi, ukifika pale anapoogopa nyamaza, muulize yeye hao watoto wafanye nini. Halafu niandikie kakujibu nini.