Mama kaambiwa abadilishiwe bega, mkono utakufa?

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama ni kweli wanayosema majirani, kwamba mama akibadilishiwa bega mkono utakufa, na kama atapika tena. Mimi nina miaka 64, nilibadilishiwa bega la kulia, huu mwaka wa pili. Jana nimesonga ugali kwa mkono huohuo.

Mimi nilianguka bafuni zamani, kano za bega zikachanika, nikawa nachua tu mpaka kiungo kikalika. Sindano za begani zilinipa nafuu ya miezi, kisha maumivu yanarudi palepale.

Muulizeni daktari anamwekea bega la aina gani, maana zipo mbili. Bega ni mpira unaozunguka kwenye kisahani. Katika aina ya kwanza, mpira wa chuma unakaa juu ya mfupa wa mkono na kisahani cha plastiki ngumu kinakaa kwenye mfupa wa bega, kama tulivyoumbwa. Hiyo inataka kano nzima. Kano zikiwa zimekwisha kama zangu, wanageuza: mpira unafungwa kwenye mfupa wa bega, kisahani kinahamia mkononi, ili ule msuli mnene wa juu ya bega ufanye kazi ya kano zilizokufa. Mfaransa Paul Grammont ndiye aliyeuweka sawa mtindo huu miaka ya 1980. Mimi nilipoonyeshwa picha nilidhani wamenifungia kinyume kwa makosa!

Siku yenyewe nilipigwa nusu kaputi, na sindano ya ganzi ubavuni mwa shingo. Nadhani maneno ya majirani yanatokea hapo, maana nilipozinduka mkono ulikuwa kama gogo, nikalia. Kumbe ganzi tu. Ila mama ameze dawa za maumivu ganzi ikiwa bado ipo. Mimi nilijifanya jasiri, saa nane usiku nikaamsha wodi nzima.

Kazi ilikuwa nyumbani. Wiki sita mkono umening'inizwa shingoni. Nililala nusu nimekaa, mito mgongoni na mmoja chini ya kiwiko, kwa sababu nikilala chali bega linavuta. Kuvaa, mkono mgonjwa huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, kwa hiyo mshonee madera yanayofunguka mbele. Kanga nilifungwa na binti yangu. Kula kwa kushoto mbele ya wageni nilizoea. Chooni ndiko nilikoona aibu, mpaka tulipofunga kale kabomba ka maji ka kushika.

Asijisukume kwa mkono ule anapoinuka kitini. Asiupeleke nyuma ya mgongo, kwa bega lililogeuzwa ndivyo linavyochomoka. Mwanzoni asibebe kizito kuliko kikombe cha chai. Ndoo ya maji asahau.

Vidole, kiganja na kiwiko nilianza kuvichezesha mapema, halafu kuinama na kuuachia mkono ubembee. Nauli ya kwenda mazoezi iliponishinda, mtaalamu wa viungo alinifundisha kupitisha kamba juu ya mlango, mkono mzima ukiuvuta mgonjwa. Mwezi wa tatu mkono ulikuwa unafika kifuani tu, nikaona nimetupa hela. Mwezi wa sita nikajifunga kilemba mwenyewe. Mgongoni sifiki hadi leo, sidiria nanunua za kufunga mbele. Lakini yale maumivu ya usiku yamekwisha, na hayo ndiyo yaliyonipeleka hospitali.

Kabla ya tarehe, jino bovu litibiwe na sukari kama anayo ishuke, maana wadudu wakifika kwenye kile chuma kuwatoa ni shughuli. Akirudi nyumbani, kidonda kikitoa maji au homa ikipanda msisubiri kliniki, nendeni siku hiyohiyo.

Hujasema ni bega lipi, wala kano zake zikoje. Picha zikitoka lete majibu hapa nikuambie nilivyojipanga.