Kidole cha mama kinachokwama: acheni kukivuta

Pole kwa kuuguza, mwanangu. Umesema kidole cha pete cha mama kikikunjika hakikunjuki mpaka akifungue kwa mkono mwingine, kikafyatuka kwa kishindo, na kwamba kila jioni mnamkanda kwa mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) na kukivuta. Acheni kuvuta. Mie nashona kofia za mkono huku Chake Chake, Pemba, na gumba langu la kulia lilinitesa hivyohivyo.

Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ndiyo iliyonifunua macho. Kano inayokunja kidole hupita ndani ya vijipete vinavyoishikiza kwenye mfupa, na cha kwanza kiko kiganjani, chini ya shina la kidole. Kijipete kikinenepa, au kano ikifanya kinundu, inagoma kupita, kama fundo la uzi kwenye tundu la sindano. Mbonyeze mama hapo taratibu huku akikunja kidole. Huenda ukakisikia kinundu kikitembea. Maumivu yanasikika kwenye kifundo cha kati, lakini tatizo liko kiganjani. Ukivuta kwa nguvu unazidi kukisugua kilichokwisha kuvimba.

Kwa kidole kama chake, kazi kubwa inafanywa na banzi dogo, kile kigango kigumu cha kuzuia kidole kisikunjike, linalonyoosha kifundo cha shina tu, pale kidole kinapoungana na kiganja. Ncha inabaki huru. Avae hasa usiku, maana usingizini tunafumba ngumi bila kujua. Linataka subira: wiki 6 au zaidi. Asubuhi atie mkono kwenye maji ya uvuguvugu, akunje vifundo viwili vya juu huku shina limenyooka, kisha akunjue polepole. Akihisi kinataka kukwama, aishie hapo. Kufyatukafyatuka si mazoezi.

Ana sukari? Ugonjwa huu huwapata sana wenye sukari, na kwao banzi peke yake mara nyingi halitoshi. Ipo sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, nayo hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo daktari aambiwe mapema. Ikishindikana, kuna upasuaji mdogo wa kukata kijipete. Kidole kikiwa chekundu, cha moto na kimevimba chote, hapo hakuna mazoezi wala banzi, ni hospitali siku hiyohiyo.

Hukusema mama anafanya kazi gani. Kama anasuka ukili au anakuna nazi kila siku, akienda kwa mtu wa fiziotherapia amwoneshe anavyoshika, kwa mkono, si kwa maneno. Mimi nilikwenda na kofia yangu na sindano, akanibadilishia mshiko palepale.