Mwanabiolojia wa molekuli kwenye mapafu anafanya nini?
Umeuliza mwanabiolojia wa molekuli anatafuta nini kwenye mapafu wakati hatibu wagonjwa. Anatafuta chanzo cha ugonjwa ndani ya seli yenyewe. Chukua protini ya alfa-1 antitripsini: hutengenezwa zaidi kwenye ini, kisha husafiri kwa damu kwenda kuyakinga mapafu dhidi ya kimeng'enya cha seli nyeupe kinachokula tishu. Kwa wenye jeni aina ya Z, herufi moja tu ya DNA imebadilika. Protini inakunjwa vibaya, inanasa ndani ya seli za ini, na mapafu yanabaki bila kinga. Watafiti Laurell na Eriksson walieleza upungufu huo Uswidi mwaka 1963, na hadi leo watu wanaufanyia kazi.

Jambo jingine analochunguza ni mkazo wa seli: seli ikilemewa na protini mbovu hupunguza kutengeneza mpya, na ikishindwa kabisa hujiua. Wanasayansi Peter Walter na Kazutoshi Mori walipata tuzo ya Lasker, ya utafiti wa tiba, mwaka 2014 kwa kuufumbua mfumo huo.

Ukiipenda njia hii, shika biokemia vizuri na uwe na subira. Kwa mfano, seli za aina ya pili za vifuko vya hewa vya mapafu, ukizikuza maabara, baada ya siku chache tu huanza kupoteza sifa zake.